Mimba Mbili Mahali Pawili

Bila shaka, msomaji, wajua kwamba mtoto hukua katika tumbo la uzazi. Lakini pengine yai lililokwisha kutungwa hukwama njiani, katika mrija mwembamba uliopasa kulipitisha tu, likaanza kukua humo. Mrija haukuumbwa kubeba mzigo huo. Hupasuka, na damu humwagika ndani hata mama akafa. Tena, mara chache sana, mimba hutungwa mbili pamoja: moja mahali pake, ya pili mrijani.

Aliyeieleza hali hiyo kwanza ni Duverney, mganga wa Ufaransa, mwaka wa 1708. Aliigundua kwa kupasua maiti. Alikwisha jua, lakini mwenye kuhitaji ujuzi huo alikuwa amekwisha kufa.

Mwaka wa 1881 Lawson Tait, mpasuaji wa Birmingham, aliombwa na mwenzake amwondolee mwanamke mmoja mrija uliopasuka. Akakataa, mwanamke akafa. Alipoitazama maiti aliona kwamba angaliufunga na kuukata mrija ule, damu ingalikoma. Mwaka wa 1883 alithubutu, na mgonjwa akapona. Mimi humheshimu zaidi kwa kuwa aliandika mwenyewe habari za kukataa kwake.

Hata hivyo ile mimba yenye pacha iliendelea kuwadanganya waganga. Mama alipolalamika maumivu, waliona tumbo la uzazi linakua vyema, wakaridhika. Mwaka wa 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za tumboni zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti. Sasa iliwezekana kutazama pasipo kupasua. Lakini mtego ulibaki ule ule, maana jicho likiona moyo wa mtoto ukidunda husahau kutafuta pembeni. Na tangu azaliwe Louise Brown, mwaka wa 1978, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, hali hii imeongezeka, hasa wanawake wanapotiwa mayai kadha wa kadha yaliyotungwa. Zamani ilikadiriwa kuwa mara 1 katika mimba 30,000.

Na tiba je? Iko dawa iitwayo methotrekseti, inayokomesha mimba ya mrijani. Hapa haifai, kwani ingemdhuru na yule aliye mahali pake. Kwa hiyo mpasuaji huingia kwa matundu madogo, huuondoa mrija, wala haligusi tumbo la uzazi; na mara nyingi mtoto aliyebaki hukua hata siku zake zikatimia.