Kabete na Githunguri

Je, mwalimu hodari hufanywa na chuo? Swali hili, msomaji, husikika kila watu wanapomlaumu mwalimu wa kijijini kwao, na majibu huwa mepesi. Mmoja husema ualimu ni kipawa, mtu huzaliwa nacho. Mwingine hushikilia kwamba ni mafunzo na cheti tu. Mimi napenda kulitafutia jibu katika historia, maana nchi yetu iliwahi kuwa na vyuo viwili vilivyolijaribu swali hilo, kila kimoja kwa upande wake, navyo havikuwa mbali na Nairobi.

Chuo cha kwanza ni Jeanes School ya Kabete, iliyofunguliwa mwaka wa 1925. Jina hilo lilitoka ng'ambo. Anna T. Jeanes alikuwa bibi tajiri wa Philadelphia, Marekani. Mwaka wa 1907, muda mfupi kabla ya kufa kwake, alitoa dola milioni moja ili kuzisaidia shule ndogo za watu weusi katika majimbo ya kusini. Mwalimu wa kwanza kuajiriwa kwa fedha hizo, mwaka wa 1908, alikuwa Virginia Randolph, binti wa wazazi waliopata kuwa watumwa. Tangu mwaka wa 1892 alikuwa akifundisha katika shule ya chumba kimoja, wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia. Aliipaka chokaa, akatengeneza ua wake, akapanda miti, akafundisha kusoma na kuandika pamoja na kushona na kusuka vikapu. Wazazi wengine walikasirika, wakasema hawakuwapeleka watoto wao shuleni wakajifunze kazi za nyumbani. Hakuwaacha. Aliwafuata majumbani mwao, akazungumza nao, hata wakamwamini. Kisha akatumwa kuzitembelea shule nyingine za wilaya ile na kuwasaidia walimu wake.

Liangalie vizuri jambo hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kuletwa Kenya. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dakta James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Tume iliisifu njia ya walimu wa Jeanes, na mwaka uliofuata chuo cha Kabete kikaanza, mkuu wake wa kwanza akiwa J. W. C. Dougall, aliyekuwa mwandishi wa tume hiyo. Waliochukuliwa walikuwa watu ambao tayari ni walimu, wamechaguliwa na misheni zao. Walikuja pamoja na wake zao na watoto, wakakaa muda wa miaka miwili, kila jamaa katika nyumba yake na bustani yake. Mume alijifunza namna ya kufundisha, kilimo, usafi na kazi za mikono. Mke alijifunza malezi na mapishi. Walipohitimu walirudi kwao kuzunguka katika shule za vijijini.

Sioni haki kuyacheka mafunzo hayo. Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu twajua ni vigumu kiasi gani kumfundisha mtu kazi hii, na kule Kabete ilifundishwa kwa makini. Lakini Waafrika wengi wa siku zile waliitazama elimu ya namna ile kwa shaka, nao walikuwa na hoja. Mtoto wa mlowezi alifundishwa vitabu ili aje kutawala. Kwa nini mtoto wao asisitiziwe jembe? Virginia Randolph aliwaambia habari za vikapu watu wa kabila lake, waliomjua. Mwalimu wa Jeanes, hata alipokuwa mwana wa kijiji kile kile, alirudi na mpango uliotungwa na serikali na misheni. Ustadi wake uliweza kuvuka bahari. Imani ya wazazi haikuvuka.

Basi tutazame upande wa pili. Baada ya ugomvi wa mwaka wa 1929 baina ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, watu wengi waliwatoa watoto wao katika shule za misheni, wakajijengea shule za kujitegemea. Walichanga fedha, wakabeba mawe na miti, na walimu waliwachagua wenyewe. Hapo imani haikupungua hata kidogo. Kilichopungua kilikuwa ujuzi: walimu wengi walikuwa vijana waliosoma miaka michache tu, na moyo mkuu haumfundishi mtu namna ya kueleza sehemu za hesabu kwa watoto waliojazana katika chumba kimoja. Na wa kwanza kuutambua upungufu huo ni wazazi wale wale. Hawakusema kwamba kipawa chatosha. Walitaka chuo.

Chuo hicho kilifunguliwa Githunguri mwaka wa 1939, chini ya Mbiyu Koinange. Hapa historia ina mzaha wake: Koinange alikuwa amesoma Hampton, katika jimbo lile lile la Virginia, katika shule iliyosifika kwa kazi za mikono, kabla ya kuendelea na masomo ya juu hata Chuo Kikuu cha Columbia. Marika ya Wakikuyu yalishindana kuchangia ujenzi. Lakini watu walikuwa na njaa ya elimu ya kila namna, na Githunguri ikajaa watoto wa shule za chini, hata mafunzo ya ualimu yakawa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Jomo Kenyatta, aliyerudi kutoka Uingereza mwaka wa 1946, alikiongoza baadaye.

Kabete iligeuzwa kuwa chuo cha utawala mwaka wa 1961. Githunguri haikufika huko. Serikali ya kikoloni iliifunga mwaka wa 1952, ilipotangaza hali ya hatari, na shule nyingi za kujitegemea zikafungwa pia. Watoto wengi wakabaki kwa muda bila mwalimu yeyote, mwenye cheti wala asiye nacho.