Lancer: Sisi Tuliipa Jina, Wengine Wakajenga Kiwanda

Juzi anko alinituma Grogan nimtafutie taa ya nyuma ya Lancer yake. Ndio, najua siku hizi ni Kirinyaga Road, lakini ukitafuta spea Nairobi unaenda Grogan, period ya jina jipya itakuja baadaye. Nikaingia duka la kwanza, la pili, la tatu. Kwa lile la saba, mzee wa kaunta akaangalia picha kwenye simu yangu, akacheka polepole.

"Kijana yangu, hiyo gari iliisha. Ukibahatika kupata taa, nunua mbili. Moja weka chini ya kitanda."

Nikapanda matatu ya kurudi Dagoretti Corner mikono mitupu. Njiani, Ngong Road, nikaanza kuhesabu gari zilizopangwa kwenye yadi. Demio, Fit, Toyota mpaka macho yakachoka. Lancer? Hata moja.

Hapo ndio nikaelewa kwamba hapa kwetu gari hufa mara mbili. Mara ya kwanza hufia kiwandani. Mitsubishi ilianza kuuza Lancer Februari 1973, gari ndogo ya familia, ya baba kwenda kazini na watoto kwenda shule. Ilidumu miaka 44. Kufikia 2017 kampuni ilikuwa imeiachisha karibu kote duniani, ikabaki Taiwan kwa miaka michache, kwa sababu wanunuzi walikuwa wamehamia gari za juu na Mitsubishi ikawafuata huko.

Mara ya pili hufia bandarini Mombasa. Sheria yetu inasema gari ya mitumba isizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Lancer ya mwisho iliyouzwa Japani ndiyo ile tunaiita Galant Fortis, na ilikomea 2015. Piga hesabu: zile za 2015 ziliweza kuingia nchini hadi 2022. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Kila Fortis unayoiona leo Westlands au Kawangware ni ya kuhesabiwa, na ikigongwa, haiji nyingine.

Sasa, wasee wengi wa rika langu wanaijua Lancer kupitia Evo. Tumeiendesha kwenye gemu za simu, tumebandika stika zake, tunabishana na watu wa Subaru hadi usiku. Tunaongea kana kwamba hii ni stori ya Japani. Manze, hapana. Hii stori ina Kericho ndani yake.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa jina. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari Rally na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika na wengine, yaani mitumba kabisa, na wakashinda. Wazee wakaanza kumwita Simba wa Kenya. Hadi leo, anko akiona matatu imekata kona vibaya, husema, "Huyu naye anadhani ni Joginder."

Pasaka ya 1974 Joginder alikuja na Lancer 1600 GSR, msomaji ramani wake akiwa David Doig. Gari ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe. Nyuma yake kulikuwa na Björn Waldegård wa Sweden kwenye Porsche 911. Fikiria hiyo picha: gari ya familia, injini ya 1600, kwenye matope yetu ya mvua za masika, mbele ya Porsche. Joginder akashinda. Huo ndio ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Mitsubishi katika mashindano ya dunia ya rally.

Mwaka 1976 akarudia. Safari hii Lancer zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu: Joginder, Robin Ulyate, halafu Andrew Cowan kutoka Scotland. Wawili wa kwanza walikuwa wa hapa kwetu. Joginder alishiriki Safari mara 22 na kumaliza mara 19, na barabara zile zilikuwa zinakula gari kama njugu. Mtu hamalizi mara 19 kwa kukanyaga mafuta tu. Anamaliza kwa sababu ni fundi, anasikia gari ikilia kabla haijavunjika.

Kwa hivyo ukiniuliza nani aliithibitishia dunia kwamba Lancer ni gari, nitakuambia ni barabara za Kenya na fundi wa Kenya.

Swali langu ni moja. Sisi tulipata nini?

Angalia Malaysia. Mwaka 1983 serikali yao ilianzisha kampuni inaitwa Proton. Hawakusema watavumbua gari kuanzia parafujo ya kwanza. Waliongea na Mitsubishi, wakaichukua Lancer Fiore, Mitsubishi ikawa mwanahisa, na 1985 wakatoa Proton Saga. Ukiipangusa nembo, ile ni Lancer. Kufikia 1989 walikuwa wanaiuza Uingereza, kwa yule yule aliyekuwa mkoloni wao, na wetu pia.

Sisi tulianza mwaka uliofuata Saga. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaambia wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari, hata kama ingekuwa mbaya na ya polepole. Na wakatengeneza! Gari tano za majaribio, zikaitwa Nyayo Pioneer, na zikafikia kasi ya kilomita 120 kwa saa. Februari 1990 zikazinduliwa Kasarani kwa shangwe. Kukaundwa Nyayo Motor Corporation ya kuzitoa kwa wingi. Pesa hazikupatikana. Shirika likageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, na hakuna Mkenya hata mmoja aliyewahi kwenda yadi kununua Pioneer.

Watu hupenda kucheka hii stori. Mimi siichekei. Wahandisi walifanya kazi yao. Kilichokosekana ni ile sehemu ambayo Malaysia iliifanya kwanza: mshirika ambaye tayari anajua kutoa gari elfu moja zinazofanana, na pesa za kungoja hadi zianze kuuzika. Na sisi ndio tulikuwa na kadi nzuri ya kuweka mezani. Lancer ilipata jina lake kwenye udongo wetu miaka 9 kabla Proton haijasajiliwa. Hiyo kadi hatukuicheza. Miaka ya 90 tukafungulia mitumba ya Japani, na viwanda vya kuunganisha gari vya Thika, Mombasa na Nairobi vikaanza kupumua kwa shida.

Wacha niwe mkweli. Proton nayo iliumwa baadaye, na 2017 asilimia 49.9 yake ikauzwa kwa Geely ya China. Si hadithi ya malaika. Lakini Saga bado inatengenezwa hadi leo. Mama alikufa, mtoto yuko kazini. Huku kwetu Tommi Mäkinen alikuja akashinda Safari na Lancer 1996 na tena 2001, tukapiga makofi, vumbi likatulia, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Safari ilirudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021. Kuanzia hapo hadi 2025, mara zote tano mshindi ametoka timu ya Toyota. Sisi tunaenda Naivasha, tunapiga video, tunakula nyama, na mimi ni wa kwanza kwenye foleni. Sisemi tuache. Nasema tukumbuke kwamba tumeshawahi kuwa hapa, na tuulize mapema nini kinabaki vumbi likitulia.

Kuhusu taa ya anko: fundi mmoja wa hapa Dagoretti aliitazama ile iliyovunjika, akakata plastiki nyekundu ya gari nyingine, akaipasha moto, akaikunja, akaibandika. Masaa matatu. Usiku ukiwa nyuma ya ile Lancer huwezi kujua.

Huyo fundi hana kiwanda. Hata Joginder hakuwa nacho. Ujuzi haujawahi kutupungukia.

Muulize mzee wako gari ya kwanza aliyopanda, ujue ilitengenezwa wapi na nani. Halafu uje tuongee.