Winchi ya nanga ikigoma kwenye boti ya zamani: itengenezwe au inunuliwe mpya?

Ukitaja boti ukiwa Bariadi, wengine watakucheka. Mji umezungukwa na mashamba ya pamba. Lakini Simiyu nayo ina ziwa: Wilaya ya Busega, kule Lamadi na Nyashimo, iko kwenye Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Kutoka Bariadi mjini hadi Lamadi ni lami, kama kilomita 70.

Mitumbwi mingi ya huko haina habari na winchi. Nanga ni jiwe au chuma kidogo, kamba inavutwa kwa mikono, basi. Mambo hubadilika boti ikiwa kubwa, ya tanga au ya mizigo, na nanga yake inaning'inia kwenye mnyororo. Hapo omo ya boti huwekwa mashine ya kuvutia. Watu wa pwani wa zamani waliiita duara, mafundi wa leo wanaiita winchi. Ikigoma usiku, upepo umegeuka na boti inaburuzwa kuelekea kwenye miamba, hakuna muda wa kumpigia fundi simu.

Boti ya mtumba mara nyingi huja na winchi iliyochoka. Swali la mwenye boti huwa moja: nitengeneze hii au nitafute nyingine?

Anza na umeme, usikimbilie nyundo

Winchi ya umeme ikinyamaza, wengi huifungua yenyewe kwanza, kumbe ugonjwa uko kwenye waya. Chukua mita, mwambie mwenzako abonyeze swichi, kisha pima volti kwenye vichwa vya mota yenyewe. Ukipimia kwenye betri utajidanganya. Betri inaweza kusoma 12.6 huku mota inapata 9.

Sababu ni umbali. Winchi ya wati 1,000 kwenye volti 12 inakula zaidi ya ampea 80, na betri mara nyingi iko nyuma wakati winchi iko mbele. Kama ni mita 10 kwenda na 10 kurudi, waya wa milimita 16 za mraba utapoteza karibu volti 1.8 njiani. Wa milimita 35 za mraba utapoteza kama 0.8. Kwa hiyo mota "dhaifu" inaweza kupona kwa kubadilishiwa waya tu, au kwa kusafishwa vichwa vilivyoota ukungu wa kijani.

Umeme ukifika vizuri na mota bado haizunguki, angalia solenoidi, halafu kaboni. Kwa hizi huhitaji kuagiza kitu Ulaya. Kaboni za starta ya gari zinaweza kupunguzwa kwa tupa zikakaa sawasawa, na fundi anayesuka mota anaweza kuirudishia uhai mota iliyoungua. Zima umeme kwanza kabla hujaweka mkono. Mnyororo haujui tofauti ya kidole na pingili.

Ukifungua, soma oili

Toa oili kidogo ya gia. Ikiwa nyeusi tu, badilisha uendelee. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na maana yake sili imekufa. Sili na bearingi huwa na namba zilizopigwa pembeni, na kwenye maduka ya spea za magari na pikipiki unaweza kupata zenye vipimo hivyo hivyo. Zibadilishe zote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kazi kubwa ni kufungua, siyo bei ya sili.

Kufungua ndiko kunakoumiza. Winchi nyingi za zamani zina bodi ya aluminiamu na bolti za chuma kisichoshika kutu. Metali hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu, aluminiamu huliwa na bolti hunata kama imechomelewa. Boti iliyowahi kuishi kwenye maji ya chumvi ndiyo mbaya zaidi. Ziwa halina chumvi ya hivyo, ila tope la ghuba nalo hupanda na mnyororo na kusaga kila linapopita. Tumia mafuta ya kulegeza kutu, subiri hata siku mbili, kisha pasha moto taratibu. Bolti ikikatika ndani, mpelekee fundi wa kukereza aitoboe. Wakati wa kurudisha, paka grisi kila bolti.

Sasa angalia gurudumu linaloshika mnyororo, lile lenye vishimo. Hapa ndipo uamuzi ulipo. Vishimo vikiwa vimelika, mnyororo utaruka, na mnyororo unaoruka ukiwa na uzito wa boti nyuma yake hausimamishwi na mtu. Gurudumu likipatikana jipya, tengeneza. Lisipopatikana, na bodi nayo ina ufa au imeliwa hadi ukuta umekuwa mwembamba, acha. Kuchomelea aluminiamu iliyooza ni kutupa pesa mara mbili.

Jina la kampuni nalo linasema kitu. Winchi za Simpson-Lawrence wa Glasgow zilifungwa kwenye boti nyingi sana za zamani, lakini kampuni hiyo ilinunuliwa na Lewmar, na spea zake hutafutwa zaidi kwa mtumba. Kabla ya kuikubali boti ya mtumba, uliza spea kwanza.

Ukinunua mpya

Usiangalie wati peke yake. Jumlisha uzito wa nanga na mnyororo wote, zidisha kwa tatu. Mnyororo wa milimita 8 una uzito wa karibu kilo 1.45 kwa mita. Mita 30 ni kama kilo 43, ongeza nanga ya kilo 15, unapata 58. Tafuta mashine inayovuta angalau kilo 175.

Halafu mnyororo. Wa milimita 10 huja wa pingili zenye hatua ya milimita 28 na wa 30. Kwa macho ni mapacha, lakini kwenye gurudumu lisilo lake utaruka au kukwama. Ule wa dukani wa kufungia geti ndiyo kabisa, hauna kipimo cha uhakika. Ukiagiza winchi kwa simu, agiza na mnyororo wake.

Kabla ya kuifunga, gonga mbao za omo. Zikilia bubu, zimeoza. Mashine mpya juu ya mbao mbovu itang'oka na mbao zake. Weka ubao mgumu, mvule au mninga, chini ya sitaha, na bamba la chuma chini ya bolti.

Na winchi, mpya au ya zamani, haikuumbwa kushikilia boti. Nanga ikishazama, funga kamba ya nailoni kwenye mnyororo, uishikize kwenye nguzo ya boti, ulegeze mnyororo kidogo ili kamba ndiyo ibebe mishtuko ya mawimbi. Wakati wa kung'oa, sogeza boti kwa injini au tanga hadi iwe juu ya nanga, ndipo ubonyeze swichi. Winchi nyingi huuawa kwa kuburuza boti nzima dhidi ya upepo.

Ikigoma kabisa ukiwa majini, piga hesabu kabla ya kukata mnyororo. Kwenye kina cha mita 10, kinachoning'inia ni kama kilo 15 za mnyororo na 15 za nanga. Kilo 30 watu wawili wanazivuta. Mmoja avute, mwingine afunge kila baada ya mita moja, wote wamevaa glovu na hakuna mguu ndani ya mzunguko wa mnyororo. Nanga ikiwa imezama kwenye tope, kaza mnyororo ukiwa wima, ufunge kwenye nguzo, na uache mawimbi yaing'oe yenyewe.