Nyumba za Udongo na Mipaka ya Mji

Joseph Thomson alipofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu nyumba za mianzi na udongo za wenyeji kwa usafi na ufundi wake. Lakini ustadi huo wa watu wa Rungwe haukuwa na heshima mbele ya sheria za miji iliyoletwa na ukoloni.

Wajerumani walianza Dar es Salaam mwaka 1891, wakaamuru kwamba katika mitaa fulani zijengwe nyumba za namna ya Kizungu tu. Waingereza waliowafuata waliitawala Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na kwa hiyo haikuwa rahisi kwao kutunga sheria ya kuwabagua watu kwa rangi waziwazi. Basi kanuni zao hazikutaja mtu, zilitaja nyumba. Katika miaka ya 1920 mji uligawanywa sehemu tatu: ya makazi ya Kizungu, ya biashara, na ya nyumba za kienyeji, uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka kati ya hizi mbili za mwisho. Raia hawakudanganyika. Waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Hata Mbeya, mji ulioanza mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, majina ya Uzunguni na Uhindini yangalipo.

Mtu wa Isongole aliyekwenda mji wa namna hiyo kutafuta kazi hakutengwa kwa umbali peke yake. Nyumba ya udongo ilihesabiwa kuwa ya muda, na haki ya kiwanja chake ikawa ya muda vilevile. Asiye na haki ya kudumu hakuwa na cha kuweka rehani. Asiye na rehani hakupata mkopo. Na pasipo mkopo saruji ilipatikana wapi? Hivyo udhaifu wa nyumba ukawa sababu ya kunyimwa dawa yake.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likabomoa vibanda na kujenga nyumba mpya. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hata hivyo nyumba ya udongo iliendelea kuonekana kuwa aibu ya mji, mpaka mwaka 1972 ilipoamuliwa kugawa viwanja vyenye huduma na kuyaboresha makazi yaliyokuwapo badala ya kuyavunja.

Hapana budi, basi, kuichunguza sheria kwa matendo yake: isiyotaja rangi yaweza kubagua kwa kutaja saruji.