Kazi Zetu Ziko Wapi? Historia ya Nyimbo Milioni 50 Zilizopotea

Wiki hii tunawaletea historia kidogo, lakini tunaanza na jambo lililotokea hapa hapa kwenye kikundi chetu.

Dada mmoja wetu anachora. Michoro yake alikuwa anaiweka kwenye mtandao mmoja, mashairi anayosoma kwa sauti kwenye mtandao mwingine, na video tulizopiga Siku ya Wakimbizi zimebaki kwenye simu ya mtu. Mwaka jana laini yake ikafungwa, na nywila alishaisahau. Kila akijaribu kuingia, namba ya kuthibitisha inatumwa kwenye laini ile ile iliyokufa. Siku moja mgeni akamwuliza, "Naweza kuona kazi zako?" Hakuwa na cha kuonyesha. Miaka mitatu ya kuchora, mkononi hana kitu.

Tulimpa pole. Halafu tukajiuliza: haya yanatupata sisi tu? Tulipofuatilia, tukakuta hata wakubwa yaliwapata.

Mwaka 1994 Marekani kulianzishwa GeoCities, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kujitengenezea ukurasa wake bure. Watu waliweka hadithi, picha, hata kumbukumbu za wazazi waliofariki. Kampuni ya Yahoo ikainunua mwaka 1999, na miaka 10 baadaye ikaifunga. Sehemu kubwa ya kilichookolewa iliokolewa na watu wa kujitolea, walioharakisha kunakili kurasa kabla ya siku ya mwisho.

Halafu kuna Myspace, iliyoanza mwaka 2003. Kabla ya hii mitandao tunayoijua leo kushika kasi, wanamuziki wachanga wengi walianzia pale. Mwaka 2019 kampuni ikakiri kwamba nyimbo zilizowekwa katika miaka yake 12 ya kwanza zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Inakadiriwa zilikuwa zaidi ya milioni 50. Baadaye zilipatikana kama 490,000, kwa sababu watafiti fulani walikuwa wamezinakili zamani kwa kazi zao wenyewe. Piga hesabu: haifiki hata wimbo mmoja katika kila 100. Na baadhi ya wale wanamuziki hawakuwa na nakala nyingine, maana waliamini mtandao ndio ghala.

Sasa turudi nyuma zaidi, kwenye Kiswahili chetu, enzi ambazo hakukuwa na simu wala umeme. Muyaka bin Haji alikuwa mshairi wa Mombasa, akafariki mwaka 1840. Alitunga kuhusu siasa na vita vya Mombasa na Oman, kuhusu mapenzi, kuhusu shida za maisha. Hakuacha kitabu kilichochapwa. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu, huyu anakumbuka beti mbili, yule anakumbuka nne. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, kuyakusanya na kuyaandika. Mwaka 1940 William Hichens akayatoa kama kitabu kule Johannesburg, *Diwani ya Muyaka*. Ni miaka 100 tangu mshairi afariki! Leo yanasomwa vyuoni.

Ukilinganisha, Muyaka alikuwa na wasikilizaji wachache kuliko wale wa Myspace. Lakini alipata watu waliokaa chini wakakusanya kilichotawanyika, wakakiweka pamoja na jina la mwenyewe. Sisi pia tumetawanyika. Kijiji tumekiacha, shule tumeziacha, wengine hata vyeti viliungua. Kazi tulizozifanya hapa kambini ndizo ushahidi kwamba miaka hii hatukukaa bure tu.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kila mmoja aendelee kuweka kazi zake kwenye mitandao, maana huko ndiko watu wanaziona. Ila nakala ya kila kazi iletwe kwenye kikundi, tuiweke kwenye flashi mbili, moja inakaa ofisini na nyingine kwa katibu. Andika jina, tarehe na kazi inahusu nini. Kama jina lako linaweza kukuletea hatari, tumia jina la kisanii, tutakuelewa. Kutokana na hizo nakala tutaandaa onyesho moja, michoro, nyimbo na mashairi pamoja, ili mgeni akiuliza tena tuwe na pa kumpeleka.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba kitu kimoja. Mkipiga picha kazi zetu kwa ajili ya ripoti, tuachieni nakala. Ripoti inaenda mbali, mwenye mchoro anabaki hapa.

Dada yetu ameanza kuchora upya. Michoro 6 iko tayari kwenye flashi. Jumamosi saa nane tunakutana, njoo na ya kwako.