Mkate wa Sinia Mjini Doha

Katika eneo la Msheireb mjini Doha, Nyumba ya Bin Jelmood imekuwa makumbusho ya historia ya utumwa tangu mwaka 2015. Humo hukumbukwa pia watu wa Afrika Mashariki waliovushwa bahari wakatumikishwa katika uzamiaji wa lulu, kabla Qatar haijaufuta utumwa mwaka 1952. Ngoma yao ya leiwa ingali ikichezwa katika Ghuba, na baadhi ya nyimbo zake zimehifadhi maneno ya Kiswahili.

Ngoma, mtumwa aliweza kuibeba mwilini. Mkate wa sikukuu ulidai zaidi: jiko, nazi, na usiku ulio mali ya mwenyewe.

Mkate wa sinia, ambao wengine huuita wa kumimina, ni wa Ramadhani na Idi. Mchele huroweshwa usiku kucha, husagwa kwa tui, hutiwa sukari, iliki na hamira, huachwa uumuke, kisha humiminwa na kupaliwa makaa juu na chini. Familia zilizoihama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ziliingia nao Ghuba. Doha, tui hutoka koponi na makaa yameipisha oveni. Sinia na hamira ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na jirani Mqatari huyatambua, tui halitambui.

Waliohama mwaka 1964 nao hawakuondoka kwa furaha, lakini wengi walihama na jamaa zao na mapishi yao. Kwa hiyo, atakayeandika historia ya Waswahili wa Doha kwa kuutegemea mkate peke yake, atawasahau waliotangulia.