Kiti Kitupu cha Rubani

Mwezi uliopita nilikuwa nimeinama mezani, barakoa usoni, nakata kiti kwa msumeno mwembamba kama wembe. Kiti chenyewe hakifiki ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ni kiti cha rubani wa ndege ya kivita ya Spitfire, kwa kipimo cha 1/48, kimemiminwa kwa rezini ya kijivu huko Jamhuri ya Cheki. Mke wangu alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akatazama weee, kisha akauliza: "Sasa baba Neema, ukishafunga hicho kioo cha juu, nani atakiona?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na nililolipata ndilo ninalowaandikia hapa.

Tuanzie mbali kidogo. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire yake ya kwanza ya plastiki mwaka 1953, kwa kipimo cha 1/72. Kipimo hicho kina hesabu nzuri: futi 6 zinageuka inchi 1, yaani mwanamume mrefu anakuwa na kimo cha inchi moja tu. Ni kipimo kinachomkaribisha binadamu. Ajabu ni kwamba katika modeli nyingi za miaka ile binadamu huyo ndiye aliyesahauliwa. Mabawa yapo, panga la mbele lipo, magurudumu yapo, lakini ukichungulia chumba cha rubani unakuta kijibao cha kukalia, au kichwa tu kimejitokeza kama cha mtu aliyezama hadi shingoni.

Haukuwa uvivu. Modeli za plastiki hutengenezwa kwa kalibu za chuma, na kalibu hizo ni ghali mno. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani, ikipoa kalibu hufunguka pande mbili, kipande kinatoka. Kipande chenye vijikona vilivyojikunja kwa ndani hakitoki, kinanasa. Na chumba cha rubani ni vijikona vitupu: mikanda iliyolegea juu ya kiti, mabomba ukutani, nyaya nyuma ya dashibodi. Kiwanda kikatengeneza kinachotoka, kisichotoka kikaachwa.

Rezini ilileta njia nyingine. Fundi huchonga kiti kimoja kwa mkono, akakimwagia silikoni. Silikoni ikishakauka huwa kama mpira, na hapo anakuwa na kalibu inayopinda. Kisha anachanganya vimiminika viwili vya rezini, anamimina upesi kabla havijaganda, na kutumia mashine ya hewa ili viputo visibaki. Rezini ikishakuwa ngumu anauvuta ule mpira, na kiti kinatoka na mikunjo yake yote. Ubaya ni kwamba mpira huchakaa na kuchanika, kwa hiyo kalibu moja hutoa nakala makumi kadhaa, basi. Vumbi la rezini nalo si la kuvuta, ndiyo maana ya ile barakoa. Lakini kazi hii haihitaji mtaji wa kiwanda. Inafanyika hata katika chumba kimoja, na katika miaka ya 1980 Mbelgiji François Verlinden alikuwa miongoni mwa waliozifanya spea za namna hii kuwa biashara. Unanunua ndege kwa huyu, chumba cha rubani kwa yule.

Halafu ukaja mwaka 1989. Utawala wa kikomunisti ukaanguka Chekoslovakia, na mtu akaweza kufungua biashara yake. Mwaka huohuo kampuni ya Eduard ilianza katika mji wa Most. Wengine walifuata, kama Aires na CMK. Leo ukitafuta kiti cha rubani cha rezini, hufiki mbali kabla hujakutana na Wacheki.

Na hapo ndipo nilipokutana na František Fajtl. Alizaliwa mwaka 1912, akawa rubani wa jeshi la nchi yake. Wajerumani walipoivamia mwaka 1939 alikimbia, akapigana Ufaransa, kisha Uingereza. Mei 1942, akiwa kamanda wa kikosi namba 122 cha Jeshi la Anga la Uingereza, Spitfire yake ilidunguliwa juu ya Ufaransa. Wajerumani hawakumkamata. Alipenya kwa siri hadi Hispania, akarudi Uingereza, akaruka tena. Aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, Sestřelen, yaani "Aliyedunguliwa".

Ungedhani mtu wa namna hii angepokewa nyumbani kwa vigelegele. Kumbe baada ya wakomunisti kutwaa madaraka Februari 1948, kuwahi kutumikia Uingereza kukawa doa. Marubani wengi walifukuzwa jeshini, wengine wakafungwa. Fajtl aliwekwa Mírov zaidi ya mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Heshima kamili kwa marubani hao ilisubiri hadi baada ya 1989. Yeye aliishi kuiona, akafariki mwaka 2006.

Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya Wacheki kumimina rezini. Biashara ni biashara. Ila mimi msomaji wa vitabu siwezi tena kukishika kiti hiki nikaona bidhaa tu. Kimetoka katika nchi ambako waliokikalia waligeuzwa wafungwa, na sasa mtu wa hukohuko amekaa akachonga hata kifungo cha mkanda.

Kuna mengine niliyojifunza kwa kukipaka rangi. Viti vingi vya Spitfire halisi vilitengenezwa kwa karatasi iliyogandamizwa na rezini, vikawa na rangi ya hudhurungi yenye wekundu. Kwa hiyo naipaka rezini ili ifanane na rezini! Na kwenye mlango mdogo wa ubavuni kuna mtaimbo mfupi, wa rubani kuvunjia kioo kikigoma kufunguka. Katika modeli yangu ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ukiuona, unaelewa hofu ya aliyekaa pale kuliko kurasa nyingi za historia.

Juzi nilimaliza. Nilimwita mama Neema, nikamwashia taa ya simu. Kioo sikukifunga, nilikisukuma nyuma, na ule mlango nikauacha wazi. Aliinama, akatazama kwa muda.

"Mikanda imefunguliwa," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikamvutia kiti, cha kukalia watu, nikaanza kumsimulia habari za Mírov.